Hotuba ya Ijumaa: Leseni ni Ushahidi

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu mambo asiyoyajua. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu mliohudhuria hapa msikitini, nanyi mnaotusikiliza majumbani na mabwenini, tunajiusia nafsi zetu pamoja nanyi kumcha Mwenyezi Mungu, katika ibada zetu na katika mwendo wetu barabarani.

Katika Sura ya An-Nahl, aya ya 8, Mola wetu anatukumbusha neema ya farasi, nyumbu na punda aliowaumba ili tuwapande, kisha anatujulisha kwamba huumba pia tusivyovijua. Pikipiki ni miongoni mwa vipando vya zama zetu. Humfikisha mgonjwa zahanati mahali pasipopita gari, na vijana wengi hupata kwayo riziki ya halali. Basi hatukusimama leo kuilaumu. Lakini kumbukeni tofauti moja: punda akiona shimo husita, hata kama aliyempanda amesinzia. Pikipiki haina macho wala woga, huenda inakoelekezwa. Macho yake ni macho ya mpandaji, na akili yake ni elimu ya mpandaji. Asipokuwa na elimu, chombo hicho ni kipofu anayekimbia katikati ya watu.

Mazoea yetu ni yapi? Kijana hupewa pikipiki leo, rafiki yake akamwonyesha gia jioni katika kiwanja cha mpira, na kesho kutwa amekwisha kumpakia mama mwenye mtoto mgongoni. Akiulizwa leseni, husema ataitafuta. Na wako wanaoitafuta kwa mlango wa nyuma: fedha hutoka mkono mmoja na kuingia mkono mwingine, bila ya mafunzo wala mtihani.

Ndugu zetu, hebu tuulize: leseni ni kitu gani? Huku Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, mwanafunzi hupata kwanza leseni ya kujifunzia, hujifunza, kisha hujaribiwa, ndipo apewe leseni ya pikipiki katika daraja A. Kwa hiyo leseni si risiti ya malipo. Ni ushahidi ulioandikwa, usemao kwamba fulani amefundishwa, amejaribiwa, na anaweza kuaminiwa na roho za watu. Mwenye kuinunua bila ya kujifunza anabeba mfukoni ushahidi wa uwongo.

Na mwajua uzito wa jambo hilo. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa ameegemea akitaja madhambi makubwa. Alipofika kwenye ushahidi wa uwongo aliinuka akakaa kitako, akalikariri neno hilo mpaka Masahaba wakatamani anyamaze. Je, tudhani onyo hilo ni la mahakamani tu? La hasha. Abiria akipanda nyuma ya kijana huyo, anapanda kwa kuuamini ushahidi ule. Tena Mtume amefundisha kwamba anayejitia kutibu watu hali hajulikani kwa utabibu, madhara yatakayotokea ni juu yake. Nasi twaona kuwa anayechukua watu barabarani bila ya kujua kuendesha hayuko mbali na hukumu hiyo.

Huenda mtu akasema: kuna nini cha kujifunza hapo, nami najua baiskeli? Kipo kingi. Katika mafunzo ya mwanzo mwanafunzi hufundishwa kwenda polepole sana bila ya kuyumba, akitawala klachi na mafuta. Kwani aendaye kasi hubebwa na kasi, bali aendaye polepole hubebwa na ujuzi. Hufundishwa kushika breki. Wengi huiogopa breki ya mbele wakategemea ya nyuma peke yake. Na kumbe chombo kikisimamishwa uzito mwingi huegemea mbele, na breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Hushikwa kwa kuminywa taratibu pamoja na ya nyuma, si kwa kukwapuliwa, wala si kwa nguvu katika kona au kwenye mchanga. Hufundishwa kupunguza mwendo kabla ya kuingia kona, na kugeuza shingo kuangalia nyuma kabla ya kuhama upande, kwa kuwa kioo hakionyeshi kila kitu.

Hufundishwa pia hesabu ambayo wengi hawaijui. Aendaye kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika kila sekunde, kabla mkono wake haujagusa breki. Na mwendo ukizidi mara mbili, nafasi inayohitajika ili breki kusimamisha chombo huzidi mara nne. Mtoto anayevuka kwenda madrasa hawezi kuijua hesabu hiyo. Yampasa mpandaji aijue kwa niaba yake.

Ama kofia ngumu, mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba humpunguzia mpandaji hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini kofia iliyotundikwa kwenye usukani, au isiyofungwa kidevuni, haimfai mtu.

Wala asiseme mtu kuwa ajali ni kudra, basi mafunzo hayana faida. Mtu aliyetaka kumwacha ngamia wake huru kwa kutawakali aliamrishwa na Mtume amfunge kwanza, kisha atawakali. Kujifunza ndiko kumfunga ngamia.

Enyi wazazi, mkiwa na fedha ya kumnunulia kijana pikipiki, tengeni kwanza fedha ya mafunzo na ya kofia. Enyi mnaowakabidhi vijana pikipiki kwa hesabu ya kila siku, msimkabidhi asiyefundishwa. Faida hiyo ina damu ndani yake. Enyi wanafunzi, msione haya kuwa wanagenzi. Haya iko katika kujidai. Nanyi abiria, kataeni kupakiwa mishikaki, na akina mama wakusanye kanga na mabuibui yao yasinaswe na cheni au gurudumu. Na yeyote aliyekwisha kupata leseni bila ya kujifunza, mlango wa toba u wazi: aache kupakia watu, aende akafundishwe, ajaribiwe kwa haki, ndipo arudi barabarani.

Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Sura ya Az-Zukhruf kumtukuza tunapopanda vipando vyetu, tukikiri kwamba hatukuwa na uwezo wa kuvitiisha, na kwamba kwake tutarejea. Tuisome dua hiyo kwa ulimi, na tuitimize kwa elimu.

Ewe Mola wetu, wahifadhi vijana wetu njiani, waponye waliojeruhiwa, warehemu waliokufa, wape subira mayatima na wajane wao, na utujaalie tuwe watu wa ushahidi wa kweli. Amin.