Mahabuba Waliokuja kwa Miguu



Maneno haya ni ukumbusho wa mabibi wa Kinubi, ambao uzao wao umeenea Arua, Koboko, Bombo, na hata Kibera katika nchi ya Kenya. Kwa Kinubi bibi huitwa habuba. Kijana wa Kinubi akiulizwa asili yake hutaja upesi jina la babu na cheo alichokuwa nacho jeshini. Lakini akiulizwa ni nani aliyembebea babu huyo chungu na mtoto, mara nyingi hunyamaza.

Habari yenyewe huanzia katika jimbo la Equatoria, lililotawaliwa na Emin Pasha kwa niaba ya serikali ya Misri tangu mwaka 1878. Khartoum ilipotekwa na jeshi la Mahdi mwezi wa Januari 1885, njia ya kaskazini ikafungwa, na Emin akahamisha makao yake kutoka Lado hadi Wadelai, kwenye ukingo wa Mto Nile, katika nchi ambayo leo ni West Nile. Askari wake walikuwa watu wa makabila mengi ya Sudan, na wake zao vilevile: Wabari, Wakakwa, Wamakaraka, Wamoru, Walugbara na wengineo. Baadhi yao waliolewa kwa mahari na kwa ridhaa ya wazazi. Wengine walitekwa katika mashambulio ya kutafuta nafaka na ng'ombe, wakaingia kambini wakilia. Jambo hili haliendi vizuri na nyimbo za sifa, lakini kulificha ni kuwadhulumu mabibi hao mara ya pili.

Mwanamke Mbari na jirani yake Mkakwa walikuwa na lugha iliyokaribiana, lakini Mmoru hakumfahamu hata mmoja wao. Basi walisemezana kwa Kiarabu cha kambini, kile kilichokatwakatwa na kurahisishwa na askari. Na watoto waliolelewa katikati ya sauti hizo wakakifanya kuwa lugha ya mama. Wataalamu wa lugha wameandika mengi juu ya asili ya Kinubi. Kwa maneno mepesi, askari walileta maneno, na mama wakaleta watoto wa kuyasema.

Mwaka 1889 Emin aliondoka na Stanley, wakafika Bagamoyo mwezi wa Desemba. Wengi wa waliofuatana nao walikufa njiani. Katika msafara huo alikuwamo binti mdogo wa Emin, Ferida, ambaye mama yake alikuwa Mhabeshi. Baadaye alipelekwa Ujerumani kwa jamaa za babake. Jina la mtoto huyo lilihifadhiwa kwa kuwa baba yake alikuwa Pasha. Watoto wengine wa msafara, wenye baba wasio na vyeo, hawakupata bahati hiyo.

Waliobaki nyuma walikusanyika chini ya Selim Bey huko Kavalli, karibu na Ziwa Albert, na ndiko Kapteni Lugard alikowakuta mwaka 1891. Alitafuta askari wa kulinda ngome zake. Akawapata mamia, na pamoja nao maelfu ya wanawake, watoto na wafuasi. Ofisa wa Kizungu aliona mzigo. Lakini askari asiyepewa posho ya kutosha alikula nini, kama si mtama uliolimwa na kusagwa na mkewe kando ya ngome? Wakubwa waliposahau jambo hilo walilipa kwa damu. Katika maasi ya mwaka 1897, pamoja na mshahara mdogo uliochelewa na safari zisizokwisha, askari walilalamikia kutengwa na wake zao.

West Nile iliingizwa katika Uganda mwaka 1914, baada ya kuwa chini ya Wabelgiji na kisha Sudan, na Arua ikawa makao ya wilaya. Familia za Kinubi zikakaa humo na Koboko, na akina mama wakafundisha watoto swala, wakapika gurusa, wakasuka tabaga, yaani kawa za rangi za kufunikia chakula. Na hapa pana jambo la ajabu. Habuba aliyezaliwa Mkakwa, akachukuliwa na jeshi, wajukuu wake walipofika Koboko waliitwa wageni katika nchi ya bibi yao.

Haukuwa mwisho wa safari. Mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, watu wa West Nile walikimbia kwa maelfu. Koboko iko karibu na mahali mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Kongo inapokutana, na Arua haiko mbali na Kongo. Baada ya mapigano ya Oktoba 1980 na kisasi cha jeshi, waliokimbia wakazidi. Wanawake walivuka tena wakiwa na vichanga mgongoni na masufuria kichwani, safari hii wakielekea kaskazini, upande wa Yei na Juba, alikotoka habuba wa kwanza. Wengine walizikwa huko. Waliosalia walirejea katika miaka ya 1980, wengi wao wakifukuzwa na vita vya Sudan.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imewataja Wanubi katika orodha ya jamii zilizokuwa wenyeji wa nchi kufikia tarehe 1 Februari 1926. Orodha hiyo ni ya makabila, haina majina ya watu. Katika nyumba za Arua na Koboko wamo bado wazee wa kike wanaoweza kutaja mama, na mama wa mama, na kijiji alichotolewa. Vijana na wachukue daftari, waende wakawaulize wiki hii, na jina la habuba liandikwe kwanza, kabla ya la babu.