NANGA KWANZA, PLETI BAADAYE

(Hotuba ya mwanachama mmoja, fundi wa kuchomelea, katika mkutano wa tawi la Mombasa)



Nimeombwa niseme juu ya nanga. Najua wengine mlicheka mlipoona jambo hili katika barua ya mkutano, maana sisi ni watu wa reli, na gari la moshi halitii nanga. Lakini mkumbuke ya kuwa reli yetu ilipofika Kisumu mwaka wa 1901 haikuishia ukingoni. Ilikuwa na meli zake ziwani, zilizoletwa kutoka Uingereza vipande vipande na kuungwa na mafundi pale pale Kisumu. Na MV Uhuru, iliyoanza kazi mwaka wa 1966, iliundwa ili ibebe mabehewa juu ya maji. Mimi nimefanya kazi kwenye vyombo vya ziwani kabla ya kuhamishiwa huku, nami nimekwisha kukata na kuchomelea chuma cha omo mara nyingi.

Sababu ya kuitwa kwangu ni hii. Ndugu zetu kadhaa waliopunguzwa kazi wamepata kibarua katika karakana moja ya hapa pwani. Wanaunda yoti ya chuma ya mita 18, yenye mota mbili, kwa tajiri mmoja aliyeiagiza kwa vipimo vyake mwenyewe. Mchoro umeletwa, tumeuona. Vyumba vya kulala vimechorwa, jiko limechorwa, hata mahali pa friji pamechorwa. Penye omo pameandikwa neno moja tu, nanga, na kijishale. Msimamizi anasema nanga itanunuliwa mwisho, fedha zikibaki. Na pleti za omo zinaanza kukatwa mwezi ujao.

Basi nasema wazi: hapo ndipo kazi inapoharibika. Nanga ichaguliwe kwanza, omo ichorwe baadaye. Na baharia atakayesimama pale omo usiku, mvua ikinyesha, aulizwe kabla ya chuma kukatwa.

Nitawaeleza kwa nini. Wazee wa pwani wanazo nanga za namna mbili katika maneno yao. Iko nanga yenyewe, ya makombe manne, ya jahazi, na iko baura, ile ya Kizungu yenye makombe mawili na fimbo ya kukingama. Baura inashika vizuri, hata penye mawe, lakini ni taabu kuipandisha na kuilaza, na kombe moja hubaki limesimama juu likingoja mnyororo ulizunguke. Kwa hiyo meli kubwa ziliiacha zikachukua nanga isiyo na fimbo, ambayo makombe yake huchezacheza na mkono wake huingia wote ndani ya bomba la omo. Ni safi sana kwa macho. Tajiri wetu ameona picha ya meli ya namna hiyo, naye anaitaka.

Lakini nanga ile hushika kwa uzito wake na uzito wa mnyororo. Katika meli ya tani elfu si neno. Katika yoti ya mita 18, ukitaka ikushike sawasawa lazima iwe nzito kupita kiasi. Wakaguzi wa meli wanalijua jambo hili: nanga iliyojaribiwa ikaonekana inashika mara mbili ya ile ya kawaida ya uzito uleule, wanaruhusu iwe na uzito wa robo tatu tu, na inayoshika mara nne, nusu. Maana yake ni kwamba umbo ni kitu kikubwa kuliko kilo.

Maumbo hayo yalitafutwa na watu wengi. Mwaka wa 1933 Mwingereza mmoja mwenye elimu kubwa, Geoffrey Taylor, alitoa nanga yenye umbo la jembe la kulimia kwa ng'ombe, iitwayo CQR, akifikiria ndege za kutua majini. (Ndege za namna hiyo zilikuwa zikitua Kisumu kuanzia 1937.) Kisha Mmarekani Danforth akatoa yake ya makombe mapana bapa, ambayo katika mchanga na tope inashika ajabu, lakini chombo kikigeuka ghafula yaweza kung'oka na isirudi kuzama. Bruce ilifuata, iliyotokana na kazi za mafuta baharini. Siku hizi ziko za kombe moja pana lenye shimo kama sepetu, kama vile Spade ya Ufaransa na Rocna ya New Zealand. Hizi huzama upesi, na zikigeuzwa hujizika tena.

Jambo la kugeuzwa si dogo kwa pwani yetu. Pale Lamu maji huja na kutoka kwa nguvu. Chombo kimelala kikitazama huku, baada ya saa sita kinatazama kule, na nanga inavutwa kwa mgongo wake wakati watu wamelala. Kwa hiyo mimi ningechukua ya sepetu, kilo 70 hivi, na kama jedwali la mtengenezaji linatuweka kati ya namba mbili, tuchukue iliyo kubwa. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kuvuta huongezeka mara nne.

Sasa angalieni: nanga ya sepetu yenye upinde wa chuma mgongoni haiingii katika bomba la omo hata ukiipiga nyundo. Inataka kulala juu ya roda iliyotokeza mbele ya gubeti, imetokeza vya kutosha ili ikipanda isiipige pleti. Ikigonga chuma huvunja rangi, na penye rangi iliyovunjika kutu inakula siku ileile. Je, omo ikiwa imekwisha kufungwa, na bomba limekwisha kuchomelewa, nani atalipia kukata upya? Mnajua nani ataambiwa ni mvivu.

Tuje kwenye mnyororo. Kina kihesabiwe kutoka roda mpaka chini, si kutoka juu ya maji. Tuseme maji kupwa ni mita 8, bamvua inaongeza mita 3, na roda iko mita 2 juu ya maji. Jumla 13. Kwa hali ya kawaida toa mara tano, mita 65. Upepo ukiwa mkali mara saba, mita 91. Basi mita 100 za mnyororo wa milimita 13 si anasa. Lakini mnyororo huo una uzito wa karibu kilo 400, na wote unakaa mbele. Kwa hiyo chumba chake kiwe kirefu kwenda chini na chembamba, kisogezwe nyuma kidogo, kiwe na ukuta usiopitisha maji na tundu la kutolea maji nje. Kikiwa kipana na kifupi mnyororo unajirundika kama kichuguu, unaziba tundu la juu, na mtu hutumwa kuingia ndani kuupangua kwa mikono huku duara inazunguka. Hilo mchoraji halioni, kwa sababu haingii yeye.

Nami nimeona. Katika mashua ya chuma ambayo mwenyewe sitamtaja, mwenzetu mmoja alipoteza vidole viwili. Duara haikuwa na kizuizi cha mnyororo mbele yake. Breki ikaachia, yeye alikuwa amesimama mahali pekee palipokuwa na nafasi ya kusimama, yaani pembeni mwa mnyororo, na mkono ulikuwa karibu. Walisema hakuwa mwangalifu. Mimi nasema mtu huyo aliwekewa mtego siku mchoro ulipotiwa sahihi.

Sisi wa reli twaelewa jambo hili upesi. Behewa kwenye mteremko huliachi kwa breki peke yake, unatia kabari. Duara ni injini ya kupandishia, si kitu cha kushikilia chombo usiku kucha. Pawe na kizuizi cha chuma kilichofungwa kwenye sitaha yenye pleti nene na mbavu chini yake, na juu ya hayo kamba nene ya nailoni inayonyumbuka, ifungwe kwenye mnyororo na kwenye nguzo mbili za omo, ipokee mishtuko ya mawimbi. Mpini wa breki uwe upande, mtu aukamate bila kusimama mbele ya mnyororo. Pawe na njia ya kuzungusha duara kwa mkono umeme ukikatika. Na ncha ya mwisho ya mnyororo isifungwe kwa bolti ndani ya shimo. Ifungwe kwa kamba imara yenye urefu wa kufika sitahani, ili siku ya hatari mtu aikate kwa kisu na aokoke.

Nanga ya pili ni lazima, na mnyororo mfupi na kamba yake. Mliosoma misheni mnakumbuka Matendo ya Mitume, sura ya 27: wale mabaharia walipima maji wakaona yanapungua, wakatupa nanga nne za tezi. Kama wangekuwa na moja tu hadithi ingekuwa fupi.

Ndugu zetu wameniuliza wana haki gani ya kusema haya kwa tajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Karakana ile inao zaidi ya 20, nimewahesabu. Kamati haijaundwa. Basi waiunde kwanza, wapeleke neno hili la omo kwa maandishi, wala wasiende mmoja mmoja kunong'ona na msimamizi.

Nakala ya mchoro iko kwa Katibu. Nimetia alama ya kalamu nyekundu mahali pa roda, kizuizi na chumba cha mnyororo. Atakayeona nimekosea kipimo aandike pembeni kabla ya Jumamosi, maana Jumatatu inapelekwa karakana.