MAGIMBI NAYO YAANDIKWE
(Maneno ya Katibu katika mkutano wa wanaushirika)



Leo sisemi mahindi. Nasema magimbi na viazi vikuu.

Shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, hupiga hesabu ya chakula cha kila nchi. Huchukua kilichovunwa, hujumlisha kilichotoka nje, hutoa kilichouzwa nje, na akiba ya ghalani huangaliwa pia. (Kujumlisha na kutoa nimejifunzia ukubwani, kisomoni, kwa hiyo msinicheke.) Muhogo una mstari wake. Viazi vitamu vina mstari wake. Magimbi yamo katika fungu la "mizizi mingine".

Sasa nauliza, gimbi letu wamelionea wapi? Haliingii ghalani. Mama anachimba matatu jioni, yanaishia chunguni. Mizani hakuna, stakabadhi hakuna. Basi wakisema yamepanda au yameshuka, mara nyingi ni kukadiria tu.

Sisi tunaona kwa macho. Katika njaa ya 1974 wazee wetu walichimba bonde lile wakala. Leo bonde ni nyanya tupu. Kiazi kikuu ndiyo taabu zaidi, maana mbegu ni kiazi chenyewe. Ukikila na kichwa chake, umekula shamba la mwakani. Mimi nilifanya hivyo mwaka juzi, na sasa naomba mbegu kwa shemeji.

Kuanzia Jumamosi daftari litakuwa kwa mtunza ghala. Ukichimba, sema debe ngapi, za kula na za kuuza. Asiyejua kuandika aandikiwe. Mwenye viazi vikuu aweke vichwa vitano vya mbegu, nitapita kuviona.

Katibu