Hotuba Juu ya Kupima Tezi Dume kwa Sindano Iongozwayo na Picha



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo wanaume wa Meru na Embu hawalitaji hadharani, yaani saratani ya tezi dume. Katika Kenya hakuna saratani iwapatayo wanaume wengi kuliko hiyo.

Tezi hii ni ndogo, nayo imekaa chini ya kibofu cha mkojo. Mzee aamkaye usiku mara nyingi kwenda haja ndogo husema ni umri tu. Mara nyingi husema kweli, kwa maana tezi hukua kwa uzee pasipo saratani. Lakini saratani changa haiumi, wala haitoi dalili.

Kipimo cha damu kiitwacho PSA hakikati shauri. Hesabu yake hupanda kwa saratani, na pia kwa uvimbe wa kawaida au maambukizo ya mkojo. Kwa hiyo si vema jamaa wauze ng'ombe kwa ajili ya karatasi ya damu peke yake. Na ni vibaya zaidi mzee kuificha karatasi hiyo chini ya godoro. Ushahidi ni nyama ya tezi yenyewe, ikitazamwa kwa hadubini.

Daktari hutia chombo cha ultrasaundi katika njia ya haja kubwa. (Ndiyo, hapo ndipo wanaume wanapokimbia!) Mawimbi ya sauti huchora tezi kwenye kioo, naye, baada ya kutia ganzi, huongoza sindano kwa picha hiyo na kuchukua vipande kama 12, vyembamba kama uzi. Palipo na MRI, picha yake hupigwa kwanza ili kuonyesha doa la kushukiwa. Katika uchunguzi wa wanaume 500 uliochapishwa mwaka 2018, njia hiyo ya MRI ilifichua saratani za hatari kwa watu 38 katika kila 100, na njia ya zamani 26. Tena, wengine ambao picha zao zilikuwa safi hawakuchomwa kabisa. Hata hivyo MRI ni ghali, na asiyeipata asikatae ultrasaundi.

Husemwa vijijini kwamba sindano huuamsha ugonjwa na kuutawanya. Hatari hiyo ni ndogo mno. Anayeupa ugonjwa nafasi ni yule angojaye. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini aligunduliwa saratani hii mwaka 1997, akaishi hadi 2021, akiwa na miaka 90.

Damu kidogo katika mkojo au haja baada ya kipimo isimtishe mtu. Katika manii yaweza kuonekana kwa wiki kadhaa. Atumiaye dawa za kuzuia damu kuganda amwambie daktari mapema. Lakini akishikwa na homa, au mkojo ukiziba, arudi hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku, wala asiende kununua vidonge dukani.

Kwa hiyo twaiomba kamati itenge nauli ya mwanachama na mtu wa kumsindikiza, kwenda hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu, na itengwe mara mbili: safari ya sindano, na safari ya kuchukua majibu, kwa kuwa wapo wanaokomea ile ya kwanza.