Baiskeli ya Mteja Iegeshwe Wapi?

Leo tunasema na kamati za masoko na stendi kuhusu maegesho ya baiskeli. Vile vyuma vifupi vinavyobana gurudumu la mbele tu havifai kitu: mwizi hulegeza nati, akaondoka na fremu, gurudumu akakuachia. Pinda bomba la chuma liwe kama U iliyogeuzwa, miguu yake uizike kwenye zege, ili fremu na gurudumu vifungwe pamoja. Paa la bati lizidi urefu wa baiskeli, maana mvua ya upepo huja kwa ubavu. Sakafu iwe na mteremko. Kuta? Acha wazi, mwizi hupenda maficho. Huko Utrecht, Uholanzi, maegesho ya stesheni hubeba baiskeli 12,500. Ninyi anzeni na kumi, mbele ya macho ya mlinzi.