Kalenda Kabla ya Mtaji: Kazi za Pembeni za Nje katika Mwambao wa Kigoma na Ujiji



Nimepewa mada ya kipato cha ziada, na mwandalizi akaongeza sharti: nizungumzie kazi zinazofanyika nje, juani na upeponi, niachane na za dukani na za kwenye simu. Sharti limenifaa. Kigoma ni mji unaofanya kazi zake nje. Ukishuka kutoka Mwanga hadi Kibirizi, au ukienda Ujiji, karibu kila anayehangaikia riziki unamwona kwa macho: anaanika, anabeba, anashona nyavu, anaponda kokoto, anakamua mawese.

Semina nyingi za ujasiriamali huanza na mtaji. Mimi naomba tuanze na kalenda. Kazi ya pembeni ya nje hulipa inapoingia kwenye nafasi ambayo kazi kuu imeiacha wazi, na inapofanywa na mwenyewe au na mtu aliye mbele ya macho ya mwenyewe. Ikikosa nafasi hiyo, hata mtaji wa bure utaliwa.

Wazee wetu walilijua hili bila semina. Katika karne ya 19, Wanyamwezi walioleta misafara hadi Ujiji hawakuwa wapagazi wa mwaka mzima. Wengi walitoka nyumbani kiangazi, mavuno yakiwa ghalani, wakabeba mizigo hadi pwani au hadi ziwani, kisha wakajitahidi kurudi kabla mvua za kupandia hazijaanza. Aliyekuwa na shamba hakukubali kirahisi kubeba mzigo masika, na viongozi wa misafara waling'amua hivyo kwa gharama. Tunapoonyesha wageni pale Ujiji mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, tunawasimulia Wazungu wawili tu. Miongoni mwa waliobeba shehena walikuwamo wakulima waliokuwa wakitafuta kipato cha pembeni.

Chumvi ya Uvinza ilikwenda kwa utaratibu huohuo. Wataalamu wa mambo ya kale wameonyesha kwamba chemchemi za maji ya chumvi za huko zimechemshwa chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Kabla ya kuja viwanda, kazi hiyo ilikuwa ya kiangazi, kwa sababu mvua ikinyesha maji ya chumvi huzimuliwa na mto hufurika. Watu walihamia Uvinza, wakajenga vibanda, wakachemsha, wakarudi kwao na chumvi ya kula na ya kubadilishana. Hakuna aliyeacha jembe ili awe mchumvi. Jembe lilikuwa limepumzika.

Giza na mbalamwezi

Turudi ziwani, maana hapa ndipo kalenda inapojionyesha wazi kuliko mahali pengine popote. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, leo nyingi ni taa za betri na za sola. Taa huvuta dagaa pale tu usiku ukiwa mweusi. Mwezi ukipevuka, mwanga unatapakaa juu ya maji, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi inalala mchangani. Ndiyo maana mvuvi wetu anahesabu giza na mbalamwezi, na mshahara wake unafuata zaidi mwezi wa angani kuliko ule wa ukutani.

Basi kila mwezi mvuvi ana siku kadhaa za mbalamwezi asizokwenda ziwani. Wengi wetu tunaziona kama siku za bao na kahawa, na sisemi bao ni dhambi. Lakini tazameni nani anafanya kazi siku hizo: mshona nyavu, fundi anayekalafati mitumbwi, anayekagua waya na betri za taa. Hizi ni kazi za nje, chini ya mwembe, na zina soko la uhakika kwa sababu zana zote za mwalo zinarudi nchi kavu kwa wakati mmoja. Kijana wa mtumbwini anayejua kushona nyavu vizuri ana mishahara miwili kwa mwezi, mmoja wa giza na mwingine wa mbalamwezi. Asiyejua, siku hizo anakopa, na deni lake linalipwa na giza linalofuata.

Akina mama waanikaji wana kalenda yao ndani ya hiyo. Asubuhi za giza mwalo umejaa, bei ya dagaa wabichi inashuka. Mbalamwezi ikifika mwalo ni mtupu, na aliye na dagaa wakavu ndiye anayetaja bei. Faida, kwa hiyo, inatoka kwenye kuweza kungoja, na anayeweza kungoja ni yule ambaye dagaa si chakula chake cha jioni hiyo. Mwalimu au muuguzi mwenye mshahara anaweza kungoja. Mama anayetegemea dagaa peke yake mara nyingi hawezi, na hilo si kosa lake.

Hapa naomba tupige hesabu, kwa sababu wengi huingia kwenye uanikaji kwa macho. Sehemu kubwa ya dagaa wabichi ni maji. Kwa makadirio ya kawaida, kilo nne za wabichi hutoa karibu kilo moja ya wakavu. Ukinunua kilo kwa bei fulani mwaloni, kilo kavu lazima iuzwe zaidi ya mara nne ya bei hiyo ndipo uanze kuongelea faida, na bado hujaweka mbebaji, kiroba, ushuru na nauli. Mama wa mwalo wa Katonga anaifanya hesabu hii kichwani huku akibishana bei. Mgeni wa kazi huifanya baada ya wiki mbili, akiwa hana tena cha kubishania.

Kichanja nacho kinaingia kwenye hesabu. Dagaa wa mchangani hukauka, lakini huchukua mchanga, hukanyagwa na kuku, na mvua ya ghafla ikija hakuna namna ya kuwaokoa wote. Kichanja cha nguzo na wavu, kikiwa usawa wa kiuno, hupitisha hewa juu na chini. Dagaa hukauka haraka na hutoka safi, na wingu likitokea unavuta turubai. Mnunuzi wa Dar es Salaam anajua tofauti hiyo kwa kutafuna mmoja tu. Miradi imejenga vichanja kwenye mialo yetu, ukiwemo ule wa FISH4ACP uliotekelezwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa ushirikiano na Serikali, lakini kichanja si teknolojia ya kungojea mradi. Ni miti, misumari, wavu na mchana mmoja wa kazi.

Ziwa linapofungwa

Mwaka 2024 kalenda yetu iliongezwa ukurasa. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, Serikali ilisitisha uvuvi upande wa Tanzania, katika makubaliano na nchi nyingine zinazochangia ziwa hili, yaani Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Sitaingia kwenye mjadala wa kama ilikuwa sawa au la. Mada hiyo ina mwenyewe. Ninachotaka tukione ni kwamba mbalamwezi ya siku kadhaa iligeuka kuwa ya miezi mitatu, na iliwapata wote kwa mpigo: mvuvi, mwanikaji, mbebaji, mama lishe wa mwaloni, muuza barafu.

Waliopata shida zaidi ni wale ambao kazi yao ya pembeni nayo ilitegemea mtumbwi. Mshona nyavu ambaye mbalamwezi zote alikuwa na kazi, wiki za mwanzo za kufungwa alizidiwa na wateja, kisha wateja wakaisha. Ukiwa na kazi mbili zinazokunywa kisima kimoja, kiu itakuja siku moja.

Mei hadi Agosti ni kiangazi chetu, na kiangazi kina kazi zake za nchi kavu. Kahawa ya Kalinzi huiva kipindi hicho, na kahawa haisubiri: mbivu ikipitiliza inadondoka, kwa hiyo mwenye shamba anatafuta mikono. Ujenzi unapamba moto kwa sababu mvua haipo kubomoa tofali mbichi. Mabonde yenye maji yanapandwa mboga wakati ambao mashamba ya milimani yamekauka, na mchicha wa Julai unauzwa kwa bei ambayo wa Januari hauioti. Tofali ninazitaja kwa tahadhari. Tanuru linakula kuni, na milima inayotuzunguka imeshavuliwa nguo ya kutosha. Anayefyatua tofali za kushindilia kwa saruji kidogo anafanya biashara ileile bila kukata mti.

Na mboga ninaziwekea sharti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wengine walidhani ni ukali wa serikali tu, mpaka ziwa lilipopanda miaka ya karibuni na kuingia kwenye majengo na bustani za mwambao. Maji hayakuuliza kibali.

Kilimo cha simu

Sasa niwageukie watumishi wenzangu wa mshahara, ambao ni wengi humu ukumbini na ambao, nisameheni, ndio wanaopoteza fedha nyingi zaidi. Ugonjwa wetu una jina tayari: kilimo cha simu. Mtu yuko ofisini Kigoma mjini, shamba liko Uvinza, kijana wa shamba anapokea fedha za palizi kwa simu, na mvua, wadudu na wezi wote wanaripotiwa kwa simu. Siku ya mavuno ndipo bosi anakwenda, akiwa na gari la kubebea magunia, na gari linarudi na hadithi.

Ukiwa na Jumamosi na saa mbili za jioni, chagua kazi inayohitaji Jumamosi na saa mbili za jioni. Ninazijua mbili zinazofaa mkoa huu.

Ya kwanza ni nyuki. Misitu ya miombo ya Uvinza, Kibondo na Kakonko ina maua ambayo huyalipii. Nyuki hawahitaji kulishwa kila siku wala kupaliliwa. Mzinga unahitaji kutundikwa vizuri, kwa waya ili siafu na nyegere wasifike kirahisi, kukaguliwa mara kwa mara, na kurinwa kwa wakati. Kazi yenyewe hufanyika jua likizama, wakati mtumishi ameshatoka kazini. Lakini msidanganywe na zile hesabu za vipeperushi zinazozidisha idadi ya mizinga kwa lita na kwa bei. Mzinga mpya unaweza kukaa miezi bila kundi kuingia, na mwingine hauingiwi kabisa. Anza na michache, ujifunze mahali, ndipo uongeze. Na urine asali iliyoiva. Mbichi huchacha, na mteja aliyepewa chupa iliyochacha harudi.

Ya pili ni michikichi, zao ambalo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuja kulifufua kwa kampeni mwaka 2018, na ambalo kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu zake bora aina ya Tenera. Kwa nafasi ya mita 9 kwa 9, ekari moja huchukua miche 50 hivi. Huanza kuzaa takribani mwaka wa tatu, na ikishashika, hukaa miongo. Kwa mtumishi wa miaka 35 au 40 hii ni pensheni ya pili. Kwa kijana anayetaka kodi ya chumba mwezi ujao ni mzaha. Kijana huyo afadhali aangalie kitalu cha miche, au kazi za kati: kukata mikungu, kukamua, kubangua mise, yaani kokwa za chikichi, kwa ajili ya mafuta ya sabuni. Hizo zinalipa leo, zinafanyika uani, na mama anaweza kubangua mise jioni huku akiwatazama watoto wakifanya hesabu za shule.

Utalii nitaugusa tu. Hifadhi za Gombe na Mahale ni majina makubwa, lakini wageni wanaopita Kibirizi kwenda kuwaona sokwe ni wachache ukilinganisha na vijana wanaotaka kuwaongoza. Anayejua historia ya Ujiji, njia ya misafara, na habari za Liemba, meli iliyounganishwa hapahapa Kigoma wakati wa Wajerumani, anaweza kupata siku chache nzuri kwa mwezi. Azichukulie kama bahati, asizikopee.

Swali kwa maafisa

Nina jambo moja la kuwaomba maafisa maendeleo ya jamii waliomo humu. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba, na tangu iliporejeshwa mwaka 2024 vikundi vingi vya mwambao vimeandika maombi. Fomu inauliza kikundi kitafanya nini na kitarejesha kiasi gani. Naomba iulize pia kitarejesha lini, kwa kufuata kazi yenyewe. Kikundi cha waanikaji kingepangiwa marejesho mbalamwezi, siku ambazo dagaa wakavu wanauzika, na kisidaiwe asubuhi za giza ambapo fedha yote iko mwaloni ikinunua wabichi. Kikundi cha nyuki kingepangiwa baada ya urinaji. Cha michikichi sijui mtakifanyaje, kwa kuwa mche hauwezi kulipa kabla haujazaa, labda kwa mazao ya muda mfupi yanayopandwa katikati ya mistari wakati miche ingali midogo. Na ziwa likifungwa tena miezi mitatu, marejesho ya vikundi vya mwaloni yafungwe au yaendelee? Ningependa tuanzie hapo kwenye majadiliano.