Mali Kauli: Fedha na Mizunguko ya Biashara Pwani ya Mrima



Katika kongamano moja mchumi ninayemheshimu alisimama akasema utafiti wangu hauna mada. Mrima, alisema, haikuwa na fedha mpaka Wajerumani walipoleta rupia zao mwaka 1890. Kabla ya hapo ilikuwa mali kwa mali. Pasipo fedha hakuna mizunguko ya biashara. Kuna mvua na ukame, basi. Ushahidi wake ulikuwa hadithi ya mashua ya Cameron. Hadithi hii ndiyo inayoninyima usingizi.

Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliondoka Bagamoyo mwaka 1873, akafika Ujiji mwaka uliofuata, akatafuta mashua ya kuzungukia Ziwa Tanganyika. Wakala wa Said bin Habib alitaka alipwe pembe. Cameron hakuwa nazo. Muhammad bin Salib alikuwa nazo, lakini akataka nguo. Nguo nazo Cameron hana. Muhammad bin Gharib alikuwa na nguo, akataka masango, ule waya wa shaba. Na masango Cameron alikuwa nayo. Masango yakaenda kwa huyu, nguo kwa yule, pembe kwa wakala, mashua ikapatikana. Wanafunzi wetu wanafundishwa kwamba hiyo ndiyo taabu ya watu wasiojua fedha.

Kifungueni kitabu chenyewe, Across Africa, cha mwaka 1877. Cameron huyohuyo, katika mji uleule, anaeleza soko la Ujiji. Kila kitu kinatajiwa bei kwa sofi, shanga zinazofanana na vipande vya mrija wa kiko. Soko linapofunguliwa wapo watu wenye mikoba iliyojaa sofi. Mnunuzi anawapa shanga zake za aina nyingine, anapokea sofi, anaingia sokoni. Soko likifungwa wauzaji wanawarudishia sofi, na watu wale wanapata faida kotekote. Cameron mwenyewe anawafananisha na wabadilisha fedha. Waandishi wa vitabu vya kiada wameokota mashua, wameacha soko.

Kisha jiulizeni swali ambalo mwenzangu hakuliuliza. Masango mangapi yalitosha nguo kiasi gani, na nguo kiasi gani ilitosha pembe ngapi? Watu watatu hawawezi kukubaliana mara moja juu ya vitu vitatu bila kipimo kimoja vichwani mwao. Mgeni alikuwa amebeba kitu kisichotakiwa na mwenye mashua. Shida hiyo ilikuwa yake, soko lilikuwa halina shida.

Kipimo chenyewe, njia nzima ya kutoka Bagamoyo hadi Unyamwezi, kwa sehemu kubwa kilikuwa nguo: merikani, nguo ya pamba kutoka Marekani, na kaniki. Mkono ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Mpagazi aliajiriwa kwa doti, na posho yake ya njiani ilikuwa nguo na shanga za kununulia chakula. Fedha ya namna hii huvaliwa, na ikivaliwa huchakaa. Lazima nyingine ije. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoikatiza merikani, iliadimika Unguja, na nguo za India na Uingereza zikachukua nafasi yake. Kuhusu bei za pembe na nguo, msomeni mwanahistoria Abdul Sheriff.

Lakini nguo hiyo ilifikaje mkononi mwa mwenye msafara? Hapa namtoa shahidi wangu nimpendaye kuliko wote: Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, ambaye maisha yake aliyaeleza kwa Kiswahili na Heinrich Brode akayachapisha Berlin kuanzia 1902. Tangu utoto kitabu hicho nimekisoma kwa ajili ya vita. Nilipokuja kuwa mchumi nikakiona kumbe ni kitabu cha madeni. Anaanza na safari za karibu za sandarusi akiwa na miaka 12. Akikua, anakopa mali Unguja ndipo aondoke. Safari yake ndefu, iliyosimama juu ya mkopo wa tajiri wa Unguja, Taria Topan, ilichukua miaka kama 12, hadi 1882. Mkopeshaji anayetoa mali kwa muda wote huo ameumba fedha kwa neno lake. Wafanyabiashara wetu mpaka leo wanaliita hilo mali kauli.

Nakubali kwamba tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja, na kwamba vita vya Abushiri vya 1888 vilivuruga biashara ya pwani yote. Mishtuko hiyo ilitoka nje ya soko. Bado nashikilia kwamba biashara hudorora siku mwenye mali anapofunga mkono.

Nililiona hilo dukani kwa bibi yangu, pale Dunda, Bagamoyo, nikiwa darasa la tano. Wavuvi aliwaandika kwenye daftari, na aliyemchanganya jina alimchorea alama: ndoana, dema, tanga. Kila kusi aliwakopesha, akijua kaskazi watalipa. Mwaka mmoja, bahari ikiwa shwari, tajiri wake wa Dar es Salaam alimwambia mali kauli basi, alete taslimu. Jioni ile bibi alichomoa penseli kwenye kilemba akapiga mstari chini ya kila alama. Nyuzi za nyavu hazikununuliwa, wala mafuta ya taa ya karabai. Baada ya wiki mbili mnadani kulikuwa na samaki wachache, na ngalawa zimelala mchangani.

Daftari lile lililiwa na mchwa. Wazee wangu mliotoka Bagamoyo alfajiri kuja kunisikiliza, yapo mengine majumbani mwenu, ya maduka, ya nazi, ya mwani wa Mlingotini. Msiyafungie maandazi. Jumamosi nitakuja Bagamoyo na wanafunzi wawili. Tutayanakili hapohapo barazani, na kila daftari tutaliacha na mwenyewe.